Kiti cha Zamu: Kutoka Karti hadi GT3

Kila nikirudi Mombasa, salamu zikiisha tu swali ni lile lile: "Safari Rally utaingia lini?" Siwalaumu. Kwetu mbio za magari ni Safari. Wazee wamewaona Joginder Singh na Shekhar Mehta wakipita na vumbi lao, na tangu mashindano ya dunia yaliporudi Naivasha mwaka 2021 hata watoto wa shangazi yangu wanamjua Ogier, yule bingwa wa rali kutoka Ufaransa. Nikisema mimi si dereva wa rali, wanadhani basi nipo Formula 1. Nikikana na hiyo, naona mtu ananitazama kwa huruma, akishuku kwamba naendesha teksi huko Uingereza na naona haya kusema.

Naendesha magari ya GT. Ni magari ambayo ndugu zake unaweza kuwaona barabarani ukiwa na bahati: Porsche 911, BMW M4, Aston Martin Vantage, Mercedes-AMG. Huvuliwa mazulia na viti, hufungwa fremu ya vyuma ya kumlinda dereva na bawa kubwa nyuma, yakabaki na uzito wa kama kilo 1,300 na nguvu za farasi zaidi ya 500. Hayo ndiyo GT3. Chini yake kuna GT4, ambayo yako karibu zaidi na gari la dukani. Mbio zake ni za saa moja, saa tatu, sita, hata 24, na gari moja huwa na madereva wawili, watatu au wanne wanaopokezana. Huko kupokezana ndiko kulikonibadilisha, maana utoto wangu wote kwenye karti, vile vigari vidogo vya mbio visivyo na paa, ulinifundisha kinyume chake.

Karti niliionja Nairobi, kwenye ule uwanja wa Carnivore, Lang'ata Road, siku ya kuzaliwa ya binamu yangu. Ilikuwa ya kukodi, usukani mzito, na sikutaka kushuka. Mama alipopata kazi ya uuguzi Uingereza tukahamia Northampton, na ikawa bahati ya ajabu, kwa sababu karibu na Daventry, mwendo mfupi kutoka kwetu, kuna uwanja wa karti uitwao Whilton Mill. Baba alikuwa na gereji Changamwe. Huko Uingereza alipata kazi ya kutengeneza magari ya kusambaza vifurushi, zamu za usiku. Alinunua karti ya mtumba ya daraja la watoto, na alipofunua injini akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa Honda GX160. Injini ile ile ya pampu za maji ambazo wakulima wa Kwale walikuwa wakimletea Changamwe. "Hii naijua," akasema. "Hii nitaifungua macho yamefumbwa." Kuifungua hakuruhusiwa, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye, tuliposoma kanuni vizuri: injini za mashindano hupigwa lakiri ili matajiri wasinunue nguvu za ziada kwa mafundi wa siri.

Wengi hudhani karti ni mchezo wa kukanyaga mafuta. Karti haina springi wala shokapu. Haina difu pia: tairi mbili za nyuma zimekaa kwenye ekseli moja ngumu, zinazunguka pamoja zitake zisitake. Kwenye kona, tairi ya nje ina njia ndefu kuliko ya ndani, kwa hiyo zote mbili zikibaki chini karti inakataa kukata, inasukuma mbele na injini inalemewa. Dawa ni kuifanya tairi ya nyuma ya upande wa ndani iache lami kidogo. Unapokata usukani, gurudumu la mbele la ndani linasukuma chini, fremu inajipinda, na ile ya nyuma inanyanyuka. Kila kitu alichokuwa akibadilisha baba, ugumu wa ekseli, upana wa magurudumu, hata mahali kiti kilipofungwa, kilikuwa cha kuamua tairi ile inyanyuke lini na irudi lini. Niliyajua hayo kwa matako na mbavu kabla sijayajua kwa akili. Kiti cha karti ni cha plastiki ngumu na hakina huruma. Mtoto hujifunza mapema kuvaa kinga ya mbavu na kutolia mbele ya wenzake.

Dereva mgeni huvaa namba nyeupe kwenye kibao cheusi, naye huanzia nyuma ya wote mpaka apate saini za kutosha za wasimamizi wa mbio. Naukumbuka muda ule kwa mapenzi. Ukianzia nyuma hakuna anayekutazama, na mbele yako ni darasa zima la watu wanaogongana. Nilijifunza kusubiri: kona ya kwanza usiitake sana, iache iwachuje wenyewe.

Baada ya hapo mambo yakawa ya pesa. Tulifika na gari la kazini kwa baba, hema la kununua dukani, na daftari la shule ambamo aliandika presha ya kila tairi asubuhi na mchana. Jirani yetu ana hema lenye jina la timu, fundi wa kulipwa, mtu wa kusoma data, na injini za akiba zimepangwa mezani. Tairi mpya kwetu zilikuwa za siku ya mashindano tu. Mazoezi nilifanya na tairi zilizochoka, na hilo, nadiriki kusema, lilinisaidia kuliko kocha yeyote. Tairi iliyokwisha haikusamehei. Ukikata usukani kwa pupa, inakujibu papo hapo.

Lakini karti ilinijenga kuwa mtu wa peke yangu. Hata mwenzako mnayelala naye kwenye karavani moja ndiye wa kwanza unayetakiwa kumshinda, kwa kuwa mna vifaa sawa na kila mtu atawalinganisha. Akikuuliza umeweka presha gani, unamtajia namba nyingine. Baba alinisikia siku moja nikimdanganya mtoto wa Kipolandi aliyekuwa rafiki yangu wa kweli. Hakunigombeza mbele ya watu. Tulipokuwa njiani akaniuliza, "Na wewe akikudanganya?" Nikamwambia ananidanganya kila wiki, Baba. Akanyamaza, kisha akawasha redio.

Uwanjani kila mzazi alikuwa na hadithi ya Anthony Hamilton, jinsi alivyofanya kazi zaidi ya moja ili mwanawe Lewis, aliyekuja kuwa bingwa wa Formula 1, aendelee. Ni hadithi ya kweli na nzuri. Kinachoachwa nje ni kwamba McLaren, timu ya Formula 1, ilimchukua Lewis mwaka 1998 akiwa na miaka 13. Jasho la baba lilimfikisha mlangoni, ila mlango ulifunguliwa na mwenye ufunguo. Nimewaona baba wengi wakiuza nyumba kwa kusikia nusu ya kwanza ya hadithi ile.

Baba yangu hakuuza kitu. Nilipokaribia miaka 14 tulikaa jikoni na karatasi. Njia inayoonekana ya kawaida, Formula 4, ngazi ya chini ya magari ya kiti kimoja, ilikuwa ikitajwa kwa mamia ya maelfu ya pauni kwa msimu mmoja. Alizigeuza ziwe shilingi, akazikata kwa kalamu, akasema hiyo tumeshamaliza. Upande wa pili kulikuwa na Ginetta Junior, mashindano ya vijana wa miaka 14 hadi 17, wote kwenye gari moja, G40, lenye injini ya lita 1.8 na nguvu za farasi 100. Nayo si rahisi, msidanganyike. Kilichotuokoa ni mdhamini, mwenye kampuni ya malori ambaye baba alikuwa akimtengenezea magari, na ambaye nadhani alimpenda baba kuliko alivyonipenda mimi. Lando Norris alipita hapo hapo, msimu wa 2014, akamaliza wa tatu, halafu akageukia magari ya kiti kimoja mpaka McLaren. Mimi niligeukia upande mwingine, na wala sikuwa na mahali pengine pa kugeukia.

Gari lenye paa ni dunia nyingine. Karti ina breki za nyuma tu, na ukiwa na miaka 14 mwili wako wote umezoea kutumia breki kuigeuza. Gari lina breki mbele, lina springi, lina uzito unaohama. Ukikanyaga breki pua inainama na tairi za mbele zinapata mshiko. Ukiiachia ghafla mshiko unaondoka kabla hujakata kona. Kazi yote ni kuiachia breki polepole wakati mkono unaongeza usukani, kimoja kikipungua kingine kikizidi. Pale Paddock Hill, kona ya kwanza ya Brands Hatch, barabara inadondoka chini yako wakati huo huo unapokata, na tumbo linabaki juu. Jumapili nilikuwa napita pale mbele ya umati uliokuja kutazama BTCC, mashindano makubwa ya Uingereza ya magari ya saluni, kisha jioni narudi nyumbani nimekaa kiti cha abiria, kwa kuwa Uingereza hairuhusu mtu kuendesha barabarani kabla ya miaka 17.

Nguvu 100 ni chache, na uchache huo ndio shule yenyewe. Gari halikutoi kwenye kosa. Ukipoteza mwendo kwenye kona utaulipa mpaka mwisho wa mstari mrefu, na wenzako waliojificha kwenye upepo wako watakupita wanne kwa mpigo. Kwenye uwanja wa Thruxton, ambako karibu kila kona ni ya kasi, aliyeongoza kuingia mzunguko wa mwisho mara nyingi hakuwa aliyeshinda.

Udhamini ulipokwisha nilikuwa na miaka 18, makombe kadhaa, na sina gari. Hapa ndipo wengi niliokua nao walipoacha. Sitasema niliendelea kwa moyo wa chuma. Niliendelea kwa sababu nilisikia kuna kazi ya ukufunzi. Uingereza ina leseni ya wakufunzi wa mbio, ARDS, na siku za katikati ya wiki viwanja hukodishwa kwa watu wenye magari yao ya kasi. Mkufunzi hukaa kiti cha abiria, akaunganishwa na mteja kwa kipaza sauti, akamwelekeza. Malipo ni ya siku. Hofu ni ya bure. Mtu amenunua gari la nguvu 600, hajawahi kuendesha zaidi ya mwendo wa barabara kuu, na breki zako wewe ni sauti yako tu.

Nilichogundua humo ni kwamba naweza kufundisha, na kwamba kufundisha kunalipa kuliko kasi. Mbio za GT nyingi duniani zinaendeshwa na pesa za watu hao hao. FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, huwapanga madereva kwa madini: Shaba, Fedha, Dhahabu na Platinamu. Shaba ni mtu ambaye maisha yake ni kitu kingine. Ana kiwanda, ana zahanati, ameanza mbio akiwa mtu mzima. Mashindano mengi yanalazimisha gari liwe na Shaba mmoja, na tangu 2024 hata daraja la LMGT3, lile la magari ya GT3 kwenye saa 24 za Le Mans, Ufaransa, lina sharti hilo. Yeye ndiye anayelipa gharama, na yeye au timu yake ndiyo inayochagua mtaalamu wa kukaa naye. Kwa hiyo kijana asiye na pesa anaingia kwa mlango huo: awe mtu ambaye Shaba anataka kupokezana naye usukani.

Wa kwanza kunitaka alikuwa mzee mmoja wa biashara ya majokofu, niliyekuwa nikimfundisha Silverstone. Nilimwita kwa jina kama Waingereza wanavyofanya, lakini moyoni alikuwa mzee, na nilipomwambia baba habari zake nilisema "yule mzee wetu". Tuliingia British GT, daraja la GT4.

Hesabu ya mbio hizo ni rahisi, na ilinichukua muda kuikubali. Muda wake na wangu vyote vinahesabika. Mimi kupunguza sehemu mbili za kumi za sekunde ni kazi ya wiki nzima ya kutafuta. Yeye kupunguza sekunde mbili ni mchana mmoja wa kukaa naye mbele ya kompyuta, tukiangalia mstari wa breki yake juu ya wangu. Wangu unapanda wima kama ukuta, halafu unashuka taratibu. Wake ulipanda kwa woga, ukatulia katikati, ukaanguka ghafla. Hakuhitaji ujasiri wa kuchelewa kukanyaga. Alihitaji kukanyaga kwa nguvu mwanzoni, kwa kuwa gari lina ABS, mfumo unaozuia tairi kukwama, na tairi za mbio zisizo na mifereji zinashika vizuri zaidi zikibanwa. Tulifanya hivyo gari likiwa kwenye mstari ulionyooka, hakuna kona, mpaka mguu wake ukaamini.

Na gari lenyewe likapangwa kwa ajili yake. Mimi napenda mgongo mwepesi, gari linalogeuka kabla hujamaliza kuliomba. Yeye mgongo ukicheza tu anaondoa mguu. Mhandisi akaniuliza tupange vipi, nikasema tupunguze mshiko wa mbele, tuutulize mgongo. Nikapoteza kidogo, yeye akapata kingi, na jumla ikawa yetu. Kwa mtoto wa karti aliyezoea kuficha presha ya tairi, kuitamka sentensi ile kulikuwa kama kung'olewa jino. Siku hizi naisema bila kufikiri.

Ningependa mtu aone mabadilishano ya dereva kwa karibu, maana kwenye televisheni ni fujo la sekunde chache. Anayetoka anaanza kazi kabla gari halijasimama: analegeza mkanda kwenye njia ya piti, pale magari yanapoingia kuhudumiwa, anachomoa waya wa redio na mpira wa maji ya kunywa, anachomoa na mto wake wa kiti. Kiti kimefungwa palepale, na kila dereva ana povu lililotengenezwa kwa umbo lake, mrefu lake jembamba, mfupi lake nene. Anatoka na povu kifuani, mwingine anaingia na lake. Kisha aliyetoka, badala ya kwenda kunywa maji, anageuka, anainama ndani ya mlango na kumfunga mwenzake. Mikanda ya kiunoni kwanza, ya mabegani baadaye, redio, mpira wa maji, pigo moja kwenye kofia, mlango. Kanuni nyingi huweka muda wa chini wa kusimama, lakini mkanda uliojikunja chini ya paja la mtu hauna habari na kanuni. Mimi na mzee tulikuwa tukifanya zoezi hilo ndani ya gereji yake, katikati ya majokofu, mpaka wafanyakazi wake wakawa wanakuja kutupigia saa na kuwekeana dau.

Kuna jambo moja la ile orodha ya madini ambalo watu hawasemi kwa sauti. Hutolewa upya kila mwaka, na vijana wengi ni Fedha. Ukishinda sana unapandishwa Dhahabu. Kwa heshima ni vizuri. Kwa kazi inaweza kuwa msiba, kwa sababu kuna magari yanayotaka Shaba na Fedha tu, au Fedha wawili, na mtu wa Dhahabu hapo haruhusiwi. Namjua kijana aliyeshinda ubingwa na msimu uliofuata akakaa nyumbani. Mwezi ambao orodha inatoka, madereva tunakuwa na tabia ya wanafunzi wanaosubiri matokeo, tofauti ni kwamba wengine tunaomba tusifaulu sana.

GT3 ilikuja kupitia njia hiyo hiyo. Timu ya marafiki wa mzee ilihitaji dereva wa Fedha kwa mbio za saa 24 za Spa, Ubelgiji, wanne kwenye gari moja. Waliniita kwa kuwa mzee aliwaambia narudisha gari likiwa zima na sigombani na mtu. Hakuna aliyeuliza muda wangu bora wa mzunguko. Niliumia kidogo, nakiri.

Spa ina urefu wa kilomita 7.004, na mvua inaweza kunyesha nusu moja huku nusu nyingine ikiwa kavu. Magari ni zaidi ya 60, yote GT3, ya waliobobea na ya Shaba pamoja. Zamu moja haivuki dakika 65. Mimi nilipewa ya usiku wa manane. Unashuka kuelekea Eau Rouge, taa zako zinaangaza ukuta wa lami mbele, kisha barabara inapanda Raidillon na taa zinaelekea mbinguni. Kwa kitambo unaendesha kwa kumbukumbu. Vipande vya mpira vilivyomenyeka kwenye tairi hulala nje ya njia, na ukivikanyaga unatembea kama juu ya changarawe. Nilichokuwa nakitazama zaidi kilikuwa kioo cha nyuma, kwa sababu wa daraja la juu wanakuja na taa zao na hawana subira.

Zamu ilipoisha nilimfunga aliyenipokea, nikavaa vifaa vya masikioni kwenye gereji, na kumwambia kila kitu: kona ya Pouhon kuna mafuta upande wa nje, tairi za nyuma zinahitaji mizunguko miwili kabla ya kuziamini, ukingo wa kona ya Les Combes usiuguse, unalirusha gari. Vyote nilivyovipata kwa saa nzima nikampa kwa nusu dakika. Tukamaliza gari likiwa zima, katikati ya msafara, na kulikuwa na wengi ambao hawakumaliza.

Mama alikuwa na swali lake tangu nikiwa mtoto: "Wanakulipa, au unawalipa?" Baada ya Spa nilimpelekea picha ya ankara, jina langu juu, jina la timu chini. Akaijibu kwa sauti, akipiga kigelegele zamu ya usiku wodini.

Vijana wa nyumbani wakiniandikia huwaonyesha ndugu wawili wa Afrika Kusini. Kelvin van der Linde ameshinda saa 24 za Nürburgring, Ujerumani, mwaka 2017 na tena 2022, na mdogo wake Sheldon akachukua ubingwa wa DTM, mashindano makubwa ya Ujerumani, mwaka huo huo wa 2022. Huwaambia pia kwamba familia yao ilikuwa ndani ya mbio kabla wao hawajazaliwa. Asiye na familia ya hivyo ajifunze pia spana, data na kuongea na watu.

Mzee ameacha mbio, mgongo umemkatalia. Sasa natafuta Shaba mwingine. Wiki hii nipo uwanja wa Donington, kiti cha abiria, pembeni ya daktari wa meno aliyenunua GT4 ya mtumba. Anashuka mteremko wa Craner vizuri sana, kwa kweli ana mikono, ila kabla ya kona ya Old Hairpin anakanyaga breki mapema mno, halafu anaomba radhi kwenye kipaza sauti kana kwamba amenikanyaga mimi. Nimemwambia tuanze na mstari ulionyooka.